Naondoka kazini: nani nimuage kwa barua pepe, na nani nimfuate kwa miguu?

Shangazi, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Kigoma, mwisho wa reli. Nina miaka 34, na kwa miaka sita sasa nafanya kazi katika shirika lisilo la kiserikali. Ofisi ya mkoa ipo hapa mjini, halafu tuna ofisi ndogo Kasulu na Kibondo. Mimi niko ugavi: stoo, magari, mafuta, mizigo ya kwenda kambini kwa wakimbizi. Nimepata kazi nyingine huko kwenu Tabora. Barua ya kuacha kazi nimeshaiandika, imepokelewa na kugongwa muhuri, na siku yangu ya mwisho ni Ijumaa, wiki mbili kutoka leo.

Kinachoninyima usingizi mtu mwingine anaweza kukiona kidogo. Ni barua pepe ya kuaga.

Ofisini kwetu kila anayeondoka huandika. Mwaka jana dada mmoja alituma ya kwake kwa anwani ya watu wote, mpaka makao makuu Ulaya, kurasa tatu na picha. Siku mbili nzima kila tukifungua kompyuta tunakuta "Kila la heri", "Kila la heri", maana kila aliyejibu alijibu kwa wote. Mwishowe mtu wa Dar akaandika kwa ukali, mbele ya wote, kwamba watu waache kujaziana takataka. Yule dada aliisoma hiyo nikiwa nimekaa naye meza moja. Alifunga kompyuta, akaenda chooni, akarudi macho mekundu. Ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho.

Tena tulikuwa na dereva wa miaka mingi. Mkataba wake uliisha Ijumaa, Jumatatu tukaona gari lake linaendeshwa na mtu mwingine. Hakuna aliyesema neno. Mimi mwenyewe niliuliza kwa aibu, "Kwani fulani yuko wapi?"

Sasa ni zamu yangu. Mkuu wangu wa kitengo ameniambia nisiandike chochote, atatangaza mwenyewe. Siku kumi zimepita hajatangaza, na wazabuni bado wananipigia mimi kupanga mizigo ya mwezi ujao.

Shangazi, naomba nikwambie na lililo moyoni. Mwaka juzi stoo yetu ilikuwa inavuja. Maturubai, sabuni, madumu ya maji, vinaondoka vimeandikwa 400, vinafika 380, na hakuna anayejua vile 20 vimeshukia wapi. Nikakaa na wapakizi wiki tatu, nikatengeneza kadi mbili kwa kila mzigo: moja inabaki stoo imening'inizwa kwenye rundo, ya pili inasafiri na dereva na kurudi na saini ya aliyepokea. Kadi zikikutana, hesabu inafungwa. Zisipokutana, gari la pili haliondoki. Upotevu ukakoma. Kisha mkuu wangu akaenda mkutanoni Dar, akaueleza utaratibu ule kama wa kwake, akapigiwa makofi. Sasa unatumika ofisi zote tatu, na jina langu halimo popote.

Basi rasimu yangu ina aya sita, na aya ya nne inasema hivi: "Natumaini atakayepewa meza yangu atapewa pia heshima niliyonyimwa mimi, na kwamba kazi ya mikono yake haitasomwa kwa jina la mtu mwingine mbele ya wakubwa." Rafiki yangu wa uhasibu amesoma, amesema niitoe. Mwingine amesema, "Iache, wewe si unaondoka? Watakufanya nini?"

Nimtii mkuu wangu au nitume? Nikituma, kwa nani? Kwa Kiswahili, au kwa Kiingereza kama barua zetu nyingine? Halafu orodha ya namba za wazabuni, wenyeviti wa vijiji na viongozi wa kambini nimeshajitumia kwenye anwani yangu binafsi ili nisipotezane nao. Sijui kama nimekosea. Na wale wasio na barua pepe? Kuna mama anayetupikia chai. Kuna wapakizi. Kuna mlinzi wa usiku, mzee, ambaye huingia zamu saa kumi na mbili jioni wakati mimi natoka saa kumi na nusu. Wiki nzima yaweza kupita hatujaonana. Ila lori likichelewa njiani likafika saa nane usiku na umeme umekatika, ni mimi na yeye getini: yeye ananimulikia tochi, mimi nahesabu.

Sitaki kuondoka vibaya. Sitaki pia kuondoka kimya kama mtu aliyefukuzwa.

Mwanao anayeondoka,
Kigoma

*

Marahaba, mwanangu. Hongera kwa kazi mpya, na karibu Tabora.

Umeuliza mengi, nami nitaanza na aya ya nne. Hayo mengine yanapangika kwa dakika chache. Aya ya nne ndiyo inayokukesha.

Nimeisoma sentensi yako mara nyingi. Imeandikwa vizuri, na ninaamini ni ya kweli. Naomba uitoe hata hivyo, na nitakueleza kwa kisa nilichokishuhudia kwa macho yangu.

Nilifanya kazi masijala hapa Tabora miaka mingi, tangu enzi za mashine ya kuchapa na karatasi ya kaboni. Masijala kila karatasi hupewa namba na kufungwa kwenye faili, mpya juu ya ya zamani. Kulikuwa na kijana karani, mchapakazi, na alikuwa ameonewa kweli. Hilo sote tulilijua. Siku ya kuondoka akabandika barua ya kuaga kwenye ubao wa matangazo, na ndani yake mistari miwili juu ya mkuu wake. Barua ikabanduliwa, ikaletwa kwetu, nikaiandika namba kwa mkono wangu mwenyewe, nikaifunga. Miaka ikapita. Akaja kuomba uthibitisho wa utumishi wake kwa ajili ya mafao. Afisa aliyekuwa mezani alikuwa mgeni, hamjui huyu wala yule. Akaagiza faili, akalifungua. Karatasi ya juu kabisa ilikuwa ile. Kazi yake yote, miaka yote ile ya kuwahi asubuhi na kuchelewa jioni, ilikuwa chini yake, na afisa hakuwa na sababu ya kufunua zaidi. Uthibitisho alipewa. Lakini nilimwona yule afisa alivyomtazama, na nilimwona naye alivyoitambua karatasi yake.

Barua pepe yako ya mwisho ndiyo hiyo karatasi ya juu. Watu wa Kibondo ambao hawajui kisa cha kadi watauliza, "Kanyimwa heshima na nani?" Kabla ya chai ya saa nne simu zitakuwa zimeanza. Kufika jioni miaka yako sita itakuwa imekuwa habari ya ugomvi, na wewe hutakuwepo kusimulia upande wako, maana utakuwa unafunga mizigo. Mkuu wako atakuwepo. Atasema, "Mnaona wenyewe, aliondoka na hasira." Tena mfikirie huyo anayekuja. Hajakosa lolote, na neno la kwanza atakalosikia kuhusu meza yake mpya ni kinyongo.

Kubwa kuliko hayo yote: hata ukiituma, jina lako halitarudi kwenye zile kadi. Hicho ndicho unachokitaka, na una haki ya kukitaka.

Pa kuliweka jina lako papo, na wengi huwa hawapakumbuki. Ni kwenye hati ya makabidhiano. Kabla hujaondoka lazima ukabidhi stoo kwa maandishi: funguo, mafaili, magari, deni la mafuta, mizigo iliyo njiani. Katika hati hiyo fungua kifungu kuhusu kadi. Andika kwa utulivu, kama unavyoandika hesabu: "Utaratibu wa kadi mbili. Uliandaliwa na" jina lako, "akishirikiana na wapakizi wa stoo ya Kigoma," mwezi na mwaka. "Ulianza kutumika Kigoma" tarehe hii, "Kasulu" tarehe hii, "Kibondo" tarehe hii. Eleza hatua zake moja moja. Eleza kadi ya kwanza kabisa imehifadhiwa faili gani. Ambatisha rasimu zako za mwanzo zenye mwandiko wako kama bado unazo. Asaini anayekabidhi, asaini anayepokea, asaini shahidi. Nakala moja faili la stoo, moja kwa afisa utumishi, moja yako.

Hapo hujamshutumu mtu. Umeandika ukweli wa kazi mahali ambapo ukweli wa kazi huandikwa. Barua pepe ya kuaga husomwa mara moja ikafutwa. Hati ya makabidhiano hufunguliwa na kila mkaguzi atakayekuja kuuliza stoo hii inaendeshwaje. Mkuu wako akitaka kuipinga, itabidi aseme kwa mdomo wake, mbele ya wapakizi waliokaa nawe wiki tatu, kwamba si kweli.

Na yale maumivu? Yaseme, mwanangu, usiyameze. Kama shirika lenu lina mahojiano ya anayeondoka, yapeleke huko, kwa mpangilio, na tarehe zake. Kama halina, omba nusu saa na mkuu wako, mlango umefungwa. Mwambie: "Mkuu, mkutano ule wa Dar uliniuma, na nimeona nisiondoke bila kukwambia." Huenda akaomba radhi. Huenda akajitetea. Lakini utakuwa umemwambia yeye aliyekukosea, usoni, na hilo ni gumu zaidi kuliko kubonyeza kitufe. Usilifanye siku ya mwisho. Lifanye wiki hii.

Tuje kwenye amri yake kwamba usiandike.

Hapa mambo mawili yamechanganywa. Kuna kutangaza na kuna kuaga. Kutangaza ni kuwaambia watu kwamba fulani anaondoka, kuanzia tarehe hii ugavi uko kwa fulani, mpigieni huyu. Hiyo ni haki ya mkuu wako, na usimtangulie. Anayemtangulia mkubwa kwenye habari kama hiyo humvua nguo mbele ya watu, hata kama hakukusudia. Kuaga ni kwako. Hakuna bosi mwenye mamlaka ya kukukataza kumwambia mwenzako kwaheri.

Ila usimvizie. Nenda kwake kesho na karatasi mbili. Ya kwanza ni tangazo ulilomwandikia wewe, mistari mitano, lenye nafasi ya jina la anayepokea kazi, ili asaini tu. Wakubwa wengi hawachelewi kwa roho mbaya. Wanachelewa kwa sababu hawajakaa chini kuandika. Ya pili ni salamu zako za kuaga. Mwambie: "Nimekusikia, mkuu. Naomba tangazo litoke kabla ya Jumatano ijayo, kwa sababu wazabuni wananipigia kwa mizigo ya mwezi ambao mimi sitakuwepo. Nami nitatuma hizi salamu baada yako. Zisome, kama kuna neno la kubadilisha niambie." Ukimwonyesha mapema hana la kuogopa, na nadhani kinachomfanya akukataze ni kwamba anahofia ile aya ya nne bila hata kuisoma. Anajua alichofanya.

Akishikilia kwamba hataki, basi usitumie anwani ya ofisi, maana hiyo ni mali ya ofisi kama lilivyo gari. Una simu yako na una miguu yako.

Sasa kwa nani. Kisa cha yule dada kimenisikitisha. Hakuwa na kosa zaidi ya kutojua sehemu ya kujazia anwani. Sisi wa masijala tulikuwa tukiandika chini ya barua neno "Nakala" na majina ya wanaopelekewa, na kila karatasi ya kaboni ilikuwa ni mtu mmoja zaidi, kwa hiyo ulifikiri kabla ya kuongeza jina. Kwenye kompyuta hakuna kaboni, jina la mia linaingia kwa urahisi uleule wa jina la kwanza. Basi fanya hivi: kwenye sehemu ya mpokeaji weka anwani yako wewe mwenyewe, na wenzako wote uwaweke kwenye nakala fiche, ile ambayo anayepokea haoni wengine waliotumiwa. Akijibu, hata akibonyeza kujibu wote, jibu linakuja kwako peke yako. Hakuna wa Dar wa kukasirika, na anayetaka kukuandikia la moyoni ataandika bila kuogopa macho ya wengine.

Makao makuu Ulaya usiwatumie, isipokuwa mtu mliyefanya naye kazi kwa jina. Kipimo changu ni hiki: mtu huyu akinikuta nashuka stesheni ya Tabora, ataniita kwa jina? Akiniita, anastahili salamu. Wengine watatosheka na tangazo la mkuu wako.

Wazabuni ni barua nyingine kabisa. Wao wanataka jina na namba ya anayepokea kazi, basi. Usiwaandikie unakokwenda. Ukiwaandikia, hata kwa nia njema, ofisi itaona unawavuta.

Na hiyo orodha uliyojitumia, mwanangu, ifute leo. Najua hukuwa na ubaya. Lakini namba zile watu waliipa ofisi kwa kazi ya ofisi, hawakukupa wewe. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na msingi wake ndio huo: taarifa ya mtu itumike kwa lile aliloitolea. Viongozi wa kambini ndio wa kulindwa zaidi. Mkimbizi aliyekimbia kwao hapaswi kuwa na jina na namba yake kwenye simu ya mtu ambaye hafanyi tena kazi hiyo. Mwenyekiti wa kijiji mliyezoeana naye, mpigie, umuage, umuombe mwenyewe kama unaweza kubaki na namba yake. Atafurahi kuombwa.

Lugha: Kiswahili. Unashinda na watu kutwa nzima kwa Kiswahili, na Kiha kikiingia pale mnapocheka, halafu siku ya kuagana uwaandikie Kiingereza? Kitakuwa kama barua ya benki. Kama kuna wageni wawili watatu wasiojua lugha yetu, waandikie wao peke yao mistari minne kwa Kiingereza. Usiweke lugha mbili katika barua moja, moja juu na nyingine chini, maana kila msomaji atahisi nusu ya barua haikuwa yake.

Nimekujaribia moja. Ibadilishe upendavyo:

"Yah: Kuaga na kushukuru

Ndugu zangu,

Ijumaa hii ni siku yangu ya mwisho ofisini, baada ya miaka sita nanyi.

Nawashukuru madereva walioendesha usiku wa mvua kati ya Kasulu na Kibondo na mzigo ukafika mkavu. Nawashukuru wapakizi waliokubali kuhesabu mara ya pili bila kununa, na ambao nilikaa nao wiki tatu tukitengeneza kadi za stoo. Nawashukuru wenzangu wa uhasibu kwa zile siku mlizolipia mafuta jioni ili gari liondoke alfajiri.

Kuanzia Jumatatu mambo yote ya ugavi yatakuwa kwa" jina lake. "Funguo na mafaili namkabidhi.

Niliyemkosea, naomba anisamehe. Namba yangu ya simu ni ileile.

Kwaherini."

Umeona kadi zilipoingia? Umewashukuru wapakizi, na umesema kweli. Kila anayesoma atajua ni nani aliyekaa sakafuni na watu wa stoo wiki tatu. Inatosha.

Sikuandika "sina kinyongo na mtu". Watu hupenda kuliweka neno hilo, lakini wewe bado unacho, na sitaki useme uongo siku ya mwisho. Kuomba msamaha kwa uliowakosea unaweza kwa moyo mweupe. Kinyongo kitakuja kuisha kwa wakati wake.

Itume Alhamisi asubuhi, saa tatu hivi. Ijumaa haifai. Kigoma ikifika saa sita mchana siku ya Ijumaa nusu ya watu wako wanakwenda msikitini, wengine hawarudi tena ofisini, na ofisi nyingi hufunga anwani ya anayeondoka jioni ileile. Majibu yatakukosa. Ukituma Alhamisi, utapata siku nzima ya watu kuja mezani kwako, na hao wanaokuja mezani ndio kuaga kwenyewe.

Kabla sijasahau, haki zako. Kwa anayelipwa kwa mwezi, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka notisi isiyopungua siku 28, kwa hiyo hakikisha tarehe ya muhuri kwenye barua yako na Ijumaa yako ya mwisho zinafika hesabu hiyo. Na mkataba wako uusome, unaweza kuwa unataka zaidi. Mwajiri anatakiwa akulipe mshahara wa siku ulizofanya kazi na likizo unayodai, na akupe cheti cha utumishi. Usikubali kuambiwa cheti kitafuata. Kama mkataba wako unaonyesha uliajiriwa mkoa mwingine ukaletwa Kigoma, uliza pia kuhusu nauli na kusafirishiwa mizigo. Likitokea la kubishania, mahali pake ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Barua ya kuaga si mahali pake.

Sasa wale wasio na barua pepe. Hapa ndipo ulipoandika vizuri kuliko pote, na wala hukujua.

Wapakizi wafuate stoo, asubuhi, kabla lori la kwanza halijafunguliwa. Simama, washike mkono mmoja mmoja, waite kwa majina. Waambie kwamba kwenye hati ya makabidhiano umeandika kuwa kadi zile mlizifanya pamoja. Watu wa mikono hawaandikwi popote, mwanangu. Kusikia kwamba wameandikwa kutawakaa moyoni kuliko soda na keki.

Mama wa chai mnunulie doti ya khanga kama mfuko unaruhusu. Soma maandishi yake kabla ya kulipa. Kuna khanga zina mafumbo, na usije ukampa mama wa watu aya ya nne imechapwa kwenye nguo. Tafuta yenye dua au shukrani. Mpelekee jikoni, usimwite ofisini.

Yule dereva aliyeondoka kimya, mtafute kwa simu. Mwaka umepita, haidhuru. Mwambie tu, "Siku ile hatukukuaga, na haikuwa haki." Sidhani kama kuna mwingine aliyemwambia.

Halafu mzee wa getini. Mnunulie betri za tochi, zile kubwa, au tochi mpya kabisa. Umesema huingia saa kumi na mbili jioni na wewe hutoka saa kumi na nusu. Ijumaa hiyo, ukishakabidhi funguo na kila mtu ameondoka, usiondoke. Kaa kwenye benchi lake pale getini umsubiri.